Lulu: Istilahi za Ubora na Thamani

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Madaba, katika Wilaya ya Songea, ametuletea barua yenye maswali mawili. Alikuwa akiwatafsiria wanafunzi wake kijitabu kinachoeleza vito na jinsi vinavyopimwa. Sura za almasi na yakuti zilimwendea vizuri, lakini alipofika kwenye sura ya lulu maneno aliyoyazoea yakaanza kumgomea. Anauliza, kwanza, kama ni sahihi kusema kwamba lulu nzuri ni ile iliyo "angavu". Na pili, kama lulu iliyotokana na chaza aliyetiwa kiini kwa mkono wa mtu yafaa kuitwa "lulu bandia". Tungeweza kumjibu kwa barua fupi. Tumeona afadhali tumjibu katika kurasa hizi, maana swali la pili hasa lina uzito nje ya darasa: linagusa forodha, linagusa mikataba ya biashara, na linagusa riziki ya watu wanaofuga chaza katika pwani yetu.

Madaba iko bara, kwenye barabara itokayo Njombe kwenda Songea, na wengi wa wakazi wake hawana haja ya kumjua chaza. Huko lulu ni jina la msichana, au ni sifa ya kitu kinachopendwa mno. Vito vya mawe, kwa upande mwingine, si habari ya mbali katika Mkoa wa Ruvuma. Tangu miaka ya 1990 wachimbaji wadogo wamekuwa wakitoa yakuti za rangi nyingi katika Songea na Tunduru, na Tunduru imejipatia sifa pia kwa aleksandraiti, jiwe linaloonekana la kijani mchana na jekundu mbele ya taa. Mtu aliyekulia karibu na kazi hiyo ana maneno tayari ya kusifia jiwe na ya kulitoa kasoro. Ni jambo la kawaida basi kwamba mtafsiri akikosa neno la lulu ataazima la jiwe. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Anayenunua yakuti hulishika jiwe baina ya vidole viwili, akalielekeza juani, akachungulia ndani. Anachokitafuta ni nuru inayopita. Je, jiwe linapitisha nuru bila kizuizi? Je, ndani yake mna nyufa, mawingu au chembe za madini mengine? Akishalikata, nuru huingia kwa juu, ikapiga pande za chini na kurudi machoni. Kwa hiyo maneno "uangavu", "usafi wa ndani" na "mkato" yana maana kamili yanaposemwa juu ya jiwe. Lulu haina mambo hayo. Ukiielekeza juani hutaona ndani, haikatwi pande, na uzuri wake hautokani na nuru iliyopita bali na nuru iliyokataliwa kupita.

Yafaa kueleza jinsi lulu ilivyoumbwa, kwa sababu istilahi zake zote hutegemea jambo hilo. Chaza hulipaka ganda lake kwa ndani utando mgumu unaometa, ambao Kiswahili kina jina lake la siku nyingi: lulumizi. Kitu kigeni kinapouingia mwili wa chaza, au sehemu ya ngozi ile inayotengeneza ganda inapojeruhiwa na kusukumwa ndani, huenda mnyama akakizungushia kitu hicho lulumizi ile ile, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo lulu. Kila tabaka limejengwa kwa visahani vidogo mno vya chokaa vilivyoshikanishwa na gundi ya protini, na unene wa kisahani kimoja ni kama sehemu moja ya elfu mbili ya milimita. Nuru ikiangukia tabaka hizo, sehemu yake hurudishwa na tabaka la juu, sehemu na la pili, sehemu na la tatu, na hivyo hivyo kwenda chini. Nuru zote hizo hurudi pamoja, na jicho huona kitu kinachong'aa kana kwamba taa imewashwa chini ya ngozi yake.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba lulu haisemwi kuwa angavu. Sifa yake ya kwanza ni "mng'ao". Tunasisitiza neno hili kwa sababu katika tafsiri kadhaa tulizozipitia tumekuta uangavu, mwanga, mwako, mng'ao na kumeremeta vikitumika kama ndugu pacha, kila kimoja badala ya mwenzake, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Mshairi ana ruhusa hiyo. Mtafsiri wa maandishi ya ufundi hana. Uangavu uachiwe mawe yapitishayo nuru, na mng'ao uwe wa nyuso zirudishazo nuru. Kuupima mng'ao hakuhitaji mtambo. Lulu huwekwa juu ya kitambaa cheupe kisichong'aa, karibu na dirisha, na mpimaji hutazama sura ya dirisha hilo juu ya lulu. Ikiwa kingo za dirisha zinaonekana kali kama katika kioo cha kujitazamia, mng'ao ni wa juu. Ikiwa ni wingu jeupe tu lisilo na kingo, mng'ao ni hafifu, na lulu hiyo hufanana na chaki hata ikiwa kubwa kama zabibu.

Juu ya mng'ao, baadhi ya lulu huwa na vivuli vya rangi vinavyotembea usoni kila ukiigeuza, kama vile vya povu la sabuni. Hutokana na ule wembamba wa visahani tuliokwisha kuutaja, ambao hutenganisha rangi zilizomo katika nuru. Hizi tunapendekeza ziitwe "rangi za upinde", kwa kufuata upinde wa mvua, zisije zikachanganywa na rangi ya lulu yenyewe. Rangi yenyewe nayo ina sehemu mbili. Iko "rangi ya mwili", ambayo inaweza kuwa nyeupe, ya maziwa, ya dhahabu, ya kijivu au karibu na nyeusi. Na iko "rangi ya juu", yaani ule wekundu au ukijani hafifu unaolala juu ya rangi ya mwili. Si kila lulu ina rangi ya juu. Wala hakuna rangi iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake: hayo huamuliwa na soko, na soko la nchi moja halipendi lipendalo la nchi nyingine.

Umbo halitatuchelewesha. Duara kamili ndiyo adimu kuliko zote na kwa kawaida ndiyo ghali. Hufuatwa na umbo la tone, la yai na la kitufe. Lulu iliyopinda hovyo huitwa "lulu isiyo na umbo", nayo haikosi wapenzi wake. Ile iliyozungukwa na mistari kama pia ni "lulu yenye pete".

Katika uso wa lulu mpimaji hutafuta vishimo, vivimbe, mikwaruzo na madoa. Hapa neno "usafi" linaweza kutumika, mradi lisiachwe pweke. Usafi wa jiwe ni wa ndani na usafi wa lulu ni wa nje. Basi tuseme "usafi wa ndani" kwa yakuti na "usafi wa uso" kwa lulu. Mwalimu akimwambia mwanafunzi kwamba lulu ni "safi", mwanafunzi atafikiri imeoshwa. Tena kuosha kwenyewe kuna hatari, kwa kuwa chokaa ya lulu huliwa na siki, na hata jasho na manukato huifubaza. Ugumu wake katika kipimo cha Mohs haufiki 5, hali yakuti ni 9.

Lililobaki ni ukubwa, na hapa tunaomba subira ya msomaji kidogo, kwa kuwa ndipo ubora unapogeuka kuwa hesabu. Mawe hupimwa kwa karati, na karati moja ni miligramu 200. Lulu za kufugwa za duara siku hizi hutajwa kwa kipenyo chake katika milimita. Lakini lulu za kale zilipimwa kwa uzito mdogo uitwao "punje", ambao ni robo ya karati, yaani miligramu 50, na vitabu vingi vya zamani husema kwa punje. Mtafsiri anayekutana na kipimo hicho asikifanye "nafaka", kama tulivyoona mahali fulani, wala asikigeuze kuwa gramu bila kueleza.

Wafanyabiashara wa Ghuba, ambako lulu zilizamiwa kwa karne nyingi kutoka Kuwait na Bahrain hadi pwani ya Omani, walianza kwa kuzichekecha. Walikuwa na machekeche ya shaba yenye matundu ya ukubwa mbalimbali, yakipangwa moja juu ya jingine. Lulu zilizobaki juu ziliitwa kichwa, za katikati tumbo, na zilizofuata mkia. Baada ya hapo ndipo mizani ilipoletwa. Bei nayo haikupanda sawasawa na uzito. Kanuni iliyotumika huko, na iliyotumika katika Ulaya pia, ilikuwa kuzidisha uzito kwa uzito wenyewe, kisha kuzidisha kwa bei ya msingi inayolingana na ubora. Tuchukue bei ya msingi kuwa shilingi 1,000. Lulu ya punje 4 itakuwa 4 mara 4 mara 1,000, yaani shilingi 16,000. Lulu ya punje 8, yenye ubora ule ule, haitakuwa shilingi 32,000 bali 64,000. Uzito umeongezeka mara mbili na thamani mara nne. Sababu ni uadimu: chaza wengi watapekuliwa kabla ya kuipata moja ya punje 8. Na ikiwa zinatakiwa lulu za mkufu mzima, basi huongezeka sifa nyingine ambayo jiwe moja la pete halina, nayo ni "ulingano": lulu hamsini zenye mng'ao, rangi na umbo moja huuzwa zaidi ya jumla ya bei zake moja moja.

Hapa inatubidi kutenganisha maneno matatu ambayo maofisa wetu huyaandika kwa kubadilishana. "Ubora" ni sifa zilizomo ndani ya kitu. "Thamani" ni ubora huo ukichanganywa na uadimu na mapenzi ya watu. "Bei" ni kile kilicholipwa siku hiyo. Mfano mzuri ni mkufu wa lulu asilia wa nyuzi mbili ambao kampuni ya Cartier iliutoa mwaka 1917, pamoja na dola 100, ikapewa jumba katika mtaa wa Fifth Avenue mjini New York. Mkufu ulihesabiwa kuwa wa dola milioni moja. Ulipouzwa kwa mnada mwaka 1957 haukufikia hata dola laki mbili. Lulu hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni dunia, na kilichoibadilisha ndicho kinachotupeleka kwenye swali la pili la mwalimu wetu.

Mwaka 1893 Mjapani Kokichi Mikimoto alifaulu kumfanya chaza alijengee lulumizi umbo la nusu duara alilolibandika ndani ya ganda. Wajapani wenzake na yeye mwenyewe waliendelea na majaribio hadi wakapata lulu za duara. Njia yake kwa ufupi ni hii: chaza hupasuliwa kwa uangalifu, akatiwa kiini cha duara kilichochongwa kutoka ganda la kome wa mtoni, pamoja na kipande cha ile ngozi itengenezayo lulumizi kilichotolewa kwa chaza mwingine, kisha hurudishwa baharini. Kazi iliyobaki ni yake. Lulu hizo zilipofika London mwaka 1921 wafanyabiashara wa lulu asilia walilalamika kwamba ni za uongo, na katika Paris ubishi ulifikishwa mahakamani. Wataalamu waliozichunguza walikiri kwamba, ukiondoa kiini, kilichoko juu yake ni lulumizi halisi. Mnamo miaka ya 1930 biashara ya lulu ya Ghuba, iliyokwisha kupigwa na mdororo wa uchumi wa dunia, ilianguka kwa kishindo.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu, na vyahitaji majina matatu. Iliyoanza bila mkono wa mtu ni "lulu asilia". Iliyoanzishwa na mtu ikajengwa na chaza ni "lulu ya kufugwa". Iliyotengenezwa kiwandani kwa kioo au plastiki na kupakwa rangi ya kumeta ni "lulu bandia". Kuiita ya pili kwa jina la tatu ni kosa la ukweli kabla hata halijawa kosa la lugha. Wafugaji wa nyuki wa Songea watatuelewa upesi. Mzinga umechongwa na mtu, umetundikwa na mtu, hata nyuki wamevutiwa na mtu. Lakini hakuna aliyewahi kuiita asali yake bandia, kwa kuwa asali imetengenezwa na nyuki. Bandia ni maji ya sukari.

Masonara wana jaribio la zamani linalothibitisha mgawanyo huo. Lulu husuguliwa taratibu kwenye ncha ya jino. Ikiwa ya lulumizi, huhisiwa inakwaruza kama yenye mchanga mwembamba. Ikiwa bandia, kwa kawaida huteleza. Jino, hata hivyo, halitambui asilia na ya kufugwa: zote mbili hukwaruza. Kuzitenganisha hizo hutakiwa eksrei, ambayo huonyesha kiini cha duara ndani ya moja, na ndani ya nyingine miviringo ya tabaka hadi karibu na katikati.

Baadhi ya wenzetu wamependekeza "lulu pandikizi", kwa hoja kwamba kinachofanywa ni kupandikiza na kwamba anayefugwa ni chaza, si lulu. Hoja ni ya haki. Hata hivyo "pandikizi" limekwisha kubeba maana ya mtu aliyepenyezwa kwa hila kati ya watu wengine, na hatupendi bidhaa iingie sokoni ikiwa na jina lenye shaka. "Lulu ya kufugwa" inaeleweka kama inavyoeleweka nyama ya kufugwa. Tunaishikilia.

Ofisa wa forodha ana sababu ya ziada ya kuijali tofauti hii. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao ndio msingi wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lulu asilia na za kufugwa huwekwa pamoja chini ya kichwa 71.01, zikitengwa kwa vijifungu tu. Lulu bandia za kioo ziko katika sura nyingine kabisa, kichwa 70.18, pamoja na shanga. Neno moja likikosewa katika hati, shehena imehama sura. Na mwenye shehena huenda akawa jirani yetu. Katika rasi ya Fumba huko Unguja, na katika kisiwa cha Mafia, wanavijiji na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya majaribio ya kufuga chaza kwa ajili ya lulu katika miaka ya 2000, wakitumia chaza mwenye ukingo mweusi, Pinctada margaritifera, na chaza mwenye bawa, Pteria penguin. Mwanamke aliyesubiri miezi mingi, akisafisha makombe na kuyalinda, halafu akakuta lebo ya Kiswahili imeiita mali yake bandia, amepunjwa na mtafsiri kabla ya kupunjwa na mnunuzi.

Upande wa pili wa jambo hili tusiufumbie macho. Kivumishi kisiachwe ili bidhaa ionekane bora kuliko ilivyo. Kanuni za kimataifa za biashara ya vito hutaka neno "lulu" likisimama peke yake lieleweke kuwa ni asilia. Basi "ya kufugwa" iandikwe kila mahali, na kama imetiwa rangi hilo nalo lisemwe. Watu wa Ruvuma wana mfano wao. Mnamo mwaka 2001 na 2002 soko la dunia lilijaa yakuti za rangi ya chungwa zilizokuwa zikitoka katika matanuri ya Thailand. Ilibainika kwamba mawe ya rangi hafifu, baadhi yake ya kutoka Songea, yalikuwa yamepashwa moto mkali pamoja na krisoberili, na elementi ya beriliamu ikapenya ndani ya jiwe na kuigeuza rangi yake. Yakuti hizo hazikuwa bandia, kwani zilichimbwa ardhini. Wala hazikuwa kama zilivyochimbwa. Kwa hizo tunapendekeza "yakuti iliyogeuzwa rangi", na kwa ile iliyopashwa moto peke yake bila kitu kuongezwa, "yakuti iliyopashwa moto". Jiwe lililokuzwa na wataalamu kwa viambato vile vile vya asili liitwe "la maabara", na "bandia" libaki kwa kioo.

Lipo neno moja ambalo hatujalikatia shauri. Lulu iliyofugwa kwa kubandikwa kwenye ganda haiwi duara kamili. Baada ya kukatwa, kiini chake hutolewa, uwazi ukajazwa, na upande wa nyuma ukafunikwa kwa kipande cha lulumizi. Wengi huiita "nusu lulu", nasi tumeitumia katika rasimu zetu, lakini "nusu" inaweza kumfanya mnunuzi afikiri kwamba lulu nzima imepasuliwa vipande viwili, na kwamba kuna pacha wake mahali fulani. "Lulu ya gandani" imependekezwa pia. Wasomaji wa Unguja, Mafia na Lamu wanaojua jina linalotumiwa na wavuvi wenyewe wanaombwa watuandikie, pamoja na kutueleza neno hilo husemwa na nani na wapi.